Unapoongoza Watu Usiowaona



Jumapili iliyopita baada ya ibada ya pili, mama mmoja wa kanisa letu alinivuta kando karibu na hema la watoto. Mama huyu ana duka Kitale, linaendeshwa na mtoto wa kaka yake, na yeye mwenyewe anaishi hapa Nairobi. Siku hizi hesabu ya jioni inayotumwa kwa M-Pesa imekuwa ikipungua. Basi amenunua kamera, zile ndogo ambazo unatazama duka lako kwenye simu hata ukiwa kwa matatu. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Pasta, nikiiweka bila kumwambia kijana, nitakuwa nimefanya dhambi?"

Nilikuwa nakimbilia kikao cha washiriki wapya. Nikamjibu haraka: "Mama, si dhambi kulinda mali yako, lakini mwambie." Akasema amina, akaenda zake.

Jibu lenyewe si baya. Hata sheria yetu inaelekea huko. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu, na tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data, inayotaka mtu aambiwe habari zake zinapokusanywa na ni za kazi gani. Lakini usiku huo sikulala vizuri, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuwa kamera. Na nikifikiria ni wangapi kati yetu wanaongoza watu wasiowaona, naona swali la Mama si lake peke yake. Kuna vijana wetu wanaosimamia wenzao kwa kazi za mtandaoni. Kuna mwenye shamba Narok na anakaa Kayole. Kuna anayejenga ushago kwa simu. Kuna sisi wahudumu, tunaoendesha idara nzima ndani ya WhatsApp.

Kabla sijaingia kwenye huduma nilisomea biashara, na kwa miaka kadhaa nilikuwa kiongozi wa timu katika kampuni moja hapa mjini, iliyokuwa inajibu malalamiko ya wateja wa duka la mtandaoni la ng'ambo. Nilikuwa na watu 14. Tulikaa chumba kimoja, meza kwa meza. Ukweli usemwe, sikuwa kiongozi mzuri, ila hakuna aliyejua, hata mimi sikujua. Mtu akikwama nilisikia akihema. Akichelewa niliona kiti. Akiwa na shida ya nyumbani, mwenzake wa karibu aliniambia tukinywa chai. Chumba kile ndicho kilichokuwa kikiongoza, mimi nilikuwa na cheo tu.

Halafu ikaja Machi 2020. Tarehe 13 mgonjwa wa kwanza wa korona akatangazwa nchini, na kabla mwezi haujaisha tulikuwa na kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Kila mmoja akabeba kompyuta akaenda nayo nyumbani, wengine wakiwa wameipakata kwenye boda. Ghafla timu yangu ikawa ni majina 14 kwenye skrini. Nilipatwa na hofu ambayo sikuwahi kuisema kwa mtu: nilihisi kwamba nisipowaona, mimi si kitu.

Wakubwa wangu nao walikuwa na hofu yao. Wakaleta programu ya kuwekwa kwenye kila kompyuta. Ilikuwa inapiga picha ya skrini kila baada ya dakika 10, na kuhesabu kama vidole vinagusa vitufe na kama kipanya kinasogea. Kila asubuhi nilipokea ripoti yenye rangi. Kijani, mtu yuko kazini. Njano, analegea. Nyekundu, hayuko. Niliipenda hiyo ripoti, wapendwa. Ilinirudishia cheo changu.

Kulikuwa na dada mmoja ambaye rangi yake ilikuwa nyekundu karibu kila siku. Nikamwandikia onyo la kwanza, akajibu "sawa bosi." La pili, "sawa bosi." Wakati huohuo nilikuwa na karatasi nyingine ya hesabu, inayoonyesha malalamiko yaliyomalizwa, na huko alikuwa miongoni mwa watatu wa kwanza. Yeye ndiye aliyekuwa anachukua zile kesi ngumu ambazo wengine waliziruka, mteja ameandika barua pepe 20 kwa hasira. Alikuwa anazisoma zote, anaandika mambo kwenye daftari kwa kalamu, anafikiri, halafu anajibu mara moja na shida inaisha. Programu haikujua tofauti ya mtu anayefikiri na mtu aliyelala.

Mwezi wa Julai wakubwa wakataka majina mawili ya kupunguzwa, kutoka chini kwenye ripoti ya rangi. Nilikuwa na karatasi zote mbili mezani. Nikatuma ile ya rangi. Jina lake likiwa ndani. Naweza kusema nilitii amri, na ni kweli niliamriwa. Lakini niliyaona yote mawili nikachagua lile ambalo halingenigharimu ugomvi na mtu.

Aliyekuwa wa kijani kuliko wote katika timu yangu alikuja kuniambia siri yake baada ya kuacha kazi, huku akicheka. Alikuwa anaweka kipanya chake juu ya saa ya mkononi. Ile taa ya chini ya kipanya inaona mshale wa sekunde ukizunguka, inadhani ni mkono wa mtu. Yeye huyo anafua nguo.

Sasa, kule chuoni tulifundishwa kuhusu Douglas McGregor, mwalimu wa Marekani aliyeandika mwaka 1960 kwamba kila meneja amebeba imani fulani juu ya mwanadamu, hata kama hajui. Kuna anayeamini watu hawapendi kazi na hawaendi bila kusukumwa. Kuna anayeamini mtu akielewa kazi na kuikubali kuwa yake, atajisimamia mwenyewe. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani nikapata alama nzuri. Nilikuwa naamini ni somo la nadharia. Kumbe ni swali la moyo, na mtu hulijibu siku ile watu wake wanapotoweka machoni pake.

Wako waliolijaribu jambo hili kwa vipimo. Kampuni moja kubwa ya safari ya China, Ctrip, ilikuwa na wahudumu wa simu Shanghai, na Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walichapisha mwaka 2015 yaliyotokea huko. Walichukua watu waliojitolea. Mwenye tarehe ya kuzaliwa inayogawanyika kwa mbili akafanya kazi nyumbani siku nne kwa wiki, mwingine akabaki ofisini, kwa miezi tisa. Wa nyumbani walifanya kazi zaidi kwa asilimia 13, na ubora haukushuka. Hapo ndipo watu wengi huishia wakisimulia habari hii. Mimi hunigusa yale yanayofuata. Muda ulipoisha, karibu nusu ya wale wa nyumbani walichagua kurudi ofisini, na sababu kubwa ilikuwa upweke. Tena ukilinganisha watu wenye kazi sawa, wa nyumbani walipandishwa vyeo mara chache zaidi. Kazi yao ilionekana vizuri kabisa kwenye hesabu. Wao wenyewe ndio hawakuonekana.

Lakini hatuhitaji kwenda China. Sisi Wakenya tumeongoza watu wa mbali tangu zamani, na mfano mkubwa unapita barabarani kila siku. Mwenye matatu hamwoni dereva wake. Anachojua ni hesabu ya siku, elfu kadhaa zije jioni, mafuta yakiwa yamejazwa. Hajali zimepatikana vipi. Na dereva, kwa kuwa hilo ndilo neno pekee analolisikia kutoka kwa mwenye gari, analitii neno hilo: anapita kando ya barabara, anajaza kupita kiasi, anamwachia deiwaka usukani akiwa amechoka. Tunawalaumu madereva sana kwenye maombi yetu ya usalama barabarani. Sijasikia tukiwaombea wenye magari.

Kuna methali inasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Kwa muda mrefu niliielewa kama inavyosemwa: kiongozi wa mbali hana nguvu, basi atafute fimbo ndefu zaidi. Kamera, programu, kumpigia mtu simu kila saa. Nimekuja kuona kwamba tatizo kubwa la kuongoza ukiwa mbali si kwamba wewe huwaoni. Ni kwamba wao hawakuoni wewe. Hawajui unafikiri nini, umefurahi au umekasirika, unajua shida yao au hujui, na utafanya nini wakikuambia ukweli. Wakikosa kukuona, wanajitengenezea picha yako, na mara nyingi picha hiyo ni ya mtu mkali.

Tazama Kutoka 32. Musa yuko mlimani siku 40. Amewaachia watu Haruni na Huri wa kusimamia mashauri, kwa hiyo huwezi kusema hakupanga kazi. Lakini watu wanachosema pale chini ya mlima ni kwamba huyu mtu Musa hawajui limempata jambo gani. Sisomi mahali ambapo aliwaambia atakawia siku ngapi. Sisemi ndama alikuwa kosa la Musa, hapana, watu walifanya dhambi na Haruni ana kesi yake mwenyewe. Ila ukimya una kazi yake pia, na mtu anayeongoza kwa mbali aogope ukimya wake kabla hajaogopa uvivu wa watu.

Halafu mtazame Paulo. Hakuna mtu ninayemjua aliyeongoza makanisa mengi hivyo bila kuwaona watu, tena barua inakaa njiani wiki na miezi. Angalia anachoweka ndani ya barua zile. Anawaambia Wakorintho kwamba aliwaandikia akilia. Alipobadilisha safari na watu wakaanza kumwita kigeugeu, hakunyamaza kwa kuwa yeye ni mtume, alikaa chini akaeleza kwa nini hakuja. Wathesalonike anawaambia alishindwa kuvumilia kutojua hali yao, akamtuma Timotheo, yeye akabaki Athene peke yake. Katika Warumi 16 anasalimia watu zaidi ya 20 kwa majina, katika mji ambao alikuwa bado hajaufika. Anajua nani amefanya kazi nyingi, nani ni mama yake kwa upendo. Epafrodito akiugua, Wafilipi wanajua, na Paulo anajua kwamba wanajua, na anamrudisha ili mioyo itulie.

Na zile pesa za mchango alizokuwa anapeleka Yerusalemu? Soma 2 Wakorintho 8. Alikubali asafiri na ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili mtu asije akamshuku. Yaani kiongozi ndiye aliyejiweka kwenye kamera kwanza. Mimi nilipowawekea watu 14 programu ile, kompyuta yangu haikuwekewa.

Najua kuna msomaji anasema: Pasta, maneno matamu, wewe hujaibiwa. Nimeibiwa. Nilipokuwa namjengea mama yangu nyumba kule nyumbani, fundi alinitumia picha za kuta tatu, nikalipa kuta tatu. Nilipofika Desemba nilikuta ukuta mmoja, ameupiga picha kutoka kushoto, kulia na nyuma. Kwa hiyo mtu asidhani nasema tufunge macho tuite ni imani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hata bwana wa ule mfano wa talanta katika Mathayo 25 alirudi akafanya hesabu na watumishi wake. Hakuna mahali Biblia inaona aibu kwa hesabu.

Ila nataka uone tofauti. Hesabu inaulizwa juu ya kazi, wazi, na mtu anajua siku na kipimo. Kuchungulia kunachukuliwa juu ya mtu, kwa siri au bila kikomo, na hakuishi, kwa sababu kila ukichungulia unaona kitu kingine cha kushuku. Picha za fundi zilikuwa kuchungulia na bado nililiwa. Kilichoniokoa baadaye ni mjomba wangu kupita pale kila Ijumaa, kuhesabu mawe na lori za mchanga mbele ya fundi mwenyewe, na kunywa naye uji. Nyumba iliisha. Fundi ni yuleyule.

Na katika mfano ule wa talanta kuna jambo sijamaliza kulitafakari. Yule wa tatu aliyefukia talanta yake ardhini alisema alimjua bwana wake kuwa mtu mgumu, akaogopa. Wenzake wawili walikuwa na bwana huyohuyo, na bwana hakumkubalia udhuru wake. Sawa, anajibu kwa ajili yake mwenyewe. Lakini mimi kama kiongozi nasoma pale nikijiuliza: katika timu yangu nani amefukia kitu ardhini kwa sababu ya picha aliyonayo juu yangu?

Siku hizi katika idara za kanisa ninazosimamia nimebadilisha mambo machache, na sijafaulu yote. Jumatatu asubuhi natuma ujumbe wa sauti kwa timu, dakika tatu hivi, nawaambia mimi wiki hii nafanya nini na wiki iliyopita nilishindwa wapi. Mara ya kwanza hakuna aliyejibu. Mara ya nne kijana wa mitambo akaniandikia kwamba ile spika iliyokufa, ni yeye aliyeimwagia maji, alikuwa amekaa na jambo hilo tangu Pasaka. Nikipigia mtu simu nauliza "umekwama wapi?" kabla ya "umefika wapi?" Na baada ya saa tatu usiku situmi kazi. Hata kwenye Seneti kuliletwa mswada mwaka 2022 wa kumpa mfanyakazi haki ya kutojibu bosi nje ya saa za kazi. Mimi bado nakosea hapo, mke wangu ni shahidi. Kitu kigumu kuliko vyote ni kumwambia mtu wa mbali kwamba kazi yake haikufaa. Kuandika ni rahisi, kwa hiyo najizuia kuandika. Hayo nasema kwa mdomo, na nikiweza, namfuata alipo.

Yule dada nilimtafuta mwaka juzi. Ilinichukua siku nyingi kubonyeza namba yake. Nilimwambia nilikuwa na karatasi mbili na nilituma gani. Alinyamaza kidogo, nikasikia mtoto analia nyuma yake. Akaniambia miezi ile mama yake alikuwa anaumwa kwenye kitanda hichohicho alichokuwa anakalia akifanya kazi. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, ningemtetea. Hakukasirika. Akasema, "Bosi, mimi nilidhani wewe ni ile ripoti."

Amenisamehe, amesema hivyo, na namwamini. Kazi aliyoipoteza sikuweza kuirudisha. Alikaa miezi minane bila kitu.

Kwa hiyo Jumatatu nilimpigia Mama wa Kitale. Nikamwambia jibu langu la Jumapili lilikuwa nusu. Nikamuuliza mara ya mwisho kukaa na yule kijana dukani, si kuchukua pesa, kukaa tu, ilikuwa lini. Akafikiri. Akasema ni kwenye mazishi ya kaka yake, yaani baba ya kijana, mwaka juzi, na hata hapo hawakuongea sana kwa sababu ya wageni. Nikamuuliza kama kijana anajua duka linalipa karo ya nani na deni la nani. Hajui. Kama yeye Mama anajua kijana analala wapi Kitale. Hajui.

"Pasta," akaniambia, "nikienda nikakuta ananiibia?"

Nikamwambia basi atakuwa amemkuta yeye mwenyewe, uso kwa uso, na watafanya hesabu daftari likiwa mezani. Hakufurahi sana na jibu hilo. Lakini Jumatano alisafiri na basi la asubuhi. Kamera, ameniambia, ameiacha kwenye boksi chini ya kitanda, na risiti yake ameitunza ikiwa atataka kuirudisha.